Kwa Kiroja, Aliyepigiwa Makofi Akikata Roho

Mdogo wangu Kiroja, mwaka umekatika tangu uanguke jukwaani ukafa, huku ukumbi mzima ukikushangilia. Wenzetu huandika kumbukumbu kwa machozi. Na sisi machozi tunayo, lakini yamechanganyika na kinyaa, na tusipokitoa hapa kitatuozea tumboni.

Tuanze na mazuri, maana ndiyo mengi. Ulikuwa huwezi kupita jikoni bila kufunua sufuria, ukaonja, ukafunika, kisha ukawa wa kwanza kulalamika kwamba nyumba hii ina panya mwenye kijiko. Nguo zako za jukwaani ulizifua mwenyewe, hata ulipokuwa mtu wa kusimamishwa barabarani na kila mpita njia. Jirani yetu fundi cherehani alipofiwa na mumewe, ulihamia kwake wiki nzima, ukimpikia na kumchokoza. Siku alipocheka kwa mara ya kwanza, ulitoka nje ukalia.

Watu walikujua kwa kuanguka kwenye vichekesho. Kila yule mwigizaji mwenzako, mumeo wa jukwaani, akidanganya, unajifanya kuzimia, wewe chini, pu! Wasichojua ni jinsi ulivyoihangaikia kazi ile. Uliburuta godoro la chumba cha wageni mpaka sebuleni, ukaanguka asubuhi, ukaanguka jioni, hadi baba akauliza, "Huyu mtoto anatafuta riziki au anatafuta ulemavu?" Paja kwanza, halafu bega, kichwa mwisho. Ulitufundisha sote, na mama akakataza baada ya mimi kuvunja stuli.

Na ulikuwa na sheria moja: mtu asikuguse mpaka uinue kidole. Zamani mwenzako mmoja alikurupuka kukuinua, kicheko kikakatika katikati, ukamnunia siku mbili. "Watu hawajamaliza kucheka, wewe unaniokota! Kwani mimi kijiko?" Tangu hapo wote walikuwa wakisubiri kidole.

Hata siku ile walisubiri. Mumeo wa jukwaani alisimama pembeni yako akiongeza maneno yake mwenyewe ili kujaza muda, na watu wakazidi kuvunjika mbavu. Wakapiga makofi, wakapiga miluzi. Kidole hakikuinuka. Walipokuja kukugusa, moyo ulikuwa umeshasimama.

Hao hatuwalaumu. Hawakujua. Mumeo wa jukwaani hajapanda jukwaani tena. Huja kwetu Jumapili, anakaa na baba, wanasikiliza mpira redioni bila kuulizana nani kafunga. Mara moja tu alinifuata jikoni akasema, "Dada, mimi nilikuwa nafuata sheria yake." Nikamwambia najua, na sote tunajua. Akanywa maji akarudi kwenye mpira.

Kinyaa chetu ni cha waliojua. Yupo aliyekurekodi kwa simu. Alingoja tukuzike, halafu akaitupa video mtandaoni, tena akaitilia muziki wa kuchekesha. Ptuu! Watu wamekuangusha, wakakurudisha nyuma, wakakuangusha tena. Mtu mzima na ndevu zake anaandika chini yake, "Huyu kafa kikazi, hahaha." Amelelewa na nani huyo? Mwanao alirudi kutoka shuleni akaniuliza, "Mama mkubwa, pale mama alikuwa anachekesha au alikuwa anakufa?" Mdogo wangu, mimi mwenye mdomo usiofungika, nilimvua begi nikampakulia chakula.

Sasa kaja huyu meneja wa ukumbi, yule uliyekuwa ukimwita Meno Nje. Ameandaa Tamasha la Kiroja, Jumamosi hii. Alitinga nyumbani na shada la maua, manukato yake yakamtangulia mpaka uani, akatutangazia kwamba kilele cha tamasha ni anguko lako la mwisho, kwenye skrini kubwa kama ukuta. Na familia tumewekewa mstari wa mbele kabisa, mama kiti cha katikati, kwa heshima.

Mama hajawahi kuiona video ile. Siku ile alikuwa nyumbani na homa, na tangu hapo ameapa kwamba atakufa bila kuiona.

"Itoe," mama akamwambia. "Onyesha nyingine zote. Kwani mwanangu hakuwahi kuanguka siku nyingine?"

"Mama yangu, mashabiki wanataka kucheka naye kwa mara ya mwisho. Na tangazo limeshatoka, watu wanaisubiri hiyo hiyo."

Alisema hivyo akitabasamu! Baba alinyanyuka akatoka nje. Mimi nilikuwa naangaza macho natafuta kitu kizito. Tunajua kufa kufaana, tumekua tukiisikia. Lakini huyu anafaana kwa mikono miwili, mafuta yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, kisha anampa mama wa marehemu mkono uleule amsalimie. Maua yake tuliyatupa jalalani akiwa bado anawasha gari.

Tumembembeleza, tumemgombeza, tumetuma watu wazima wakamwone. Wapi! Video itaonyeshwa.

Juzi, tukiwa tunakunja nguo, nikamwambia mama basi, tususe, tukae nyumbani tufunge mlango. Akamaliza kukunja shuka lake.

"Mimi nakwenda."

"Mama! Utaweza kuitazama?"

"Nani kakwambia nitaitazama? Kiti si wamenipa mimi? Nitakigeuza. Skrini nitaipa mgongo, niwatazame wao. Mwaka jana walicheka hawajui, nikawasamehe. Mwaka huu wanajua. Nataka nimwone usoni kila atakayecheka."

Baba akauliza kama na yeye anaweza kugeuza chake.

Basi, Kiroja, tutakwenda sote, na mstari wetu wote utageuka. Hatutapiga kelele wala kumzuia mtu. Wenye tiketi zao waje, wakae wastarehe, na anayeona pana cha kuchekwa acheke. Taa watazizima, ndiyo desturi ya ukumbi, lakini mwanga wa skrini utatutosha kuwaona.

Unakumbukwa na mama yako, baba yako, mwanao (siku hiyo atabaki na jirani fundi cherehani), mumeo wa jukwaani (kwetu sasa ni mtoto wa nyumbani, na ameomba kukaa mstari wetu), na mimi dada yako mkubwa, niliyeyaandika haya.

Hututoki moyoni, mpenzi wetu, leo wala siku yoyote.