Nilizima Njuga Zako, Mwalimu

Mwalimu Njeru,

Leo Kathure ameniletea maua. Unamkumbuka Kathure, mwanafunzi wako wa zamani, ambaye sasa ni karani katika shamba la maua kule Timau na jioni anatunga muziki. Ni maua mazuri, yale ya kupelekwa ng'ambo, na kikadi chake kinanipongeza kwa jinsi nilivyopiga wimbo wako. Nimeyatia kwenye ndoo nikayaacha nje ya mlango. Siwezi kuyatazama, na nakuandikia nikueleze sababu.

Tangu tukuzike kwenu Kanja, mambo yamekwenda mbio. Ule mpango wetu uliochekwa hapa Nchiru, wa kuwaomba watunzi wa Kenya waandike muziki mpya wa kinubi, umefaulu. Vipande vimetoka Kisumu, Mombasa, Nairobi, hata Lodwar. Mmoja aliandika kama anayeandikia piano, vidole kumi kwa mpigo, nikampigia simu kumweleza kuwa kidole cha mwisho hakigusi kinubi, basi achague nota za kuacha. Ungecheka. Tulifanya tamasha, tukarekodi, na kitabu cha nota kiko karibu kuchapishwa. Wimbo wako ndio unaokifungua. Mama Muthoni anausikiliza kwenye simu akichuma kahawa. Anasema ni kama mume wake amerudi kukaa naye shambani.

Lakini huo si wimbo ulioandika. Niliuharibu mimi.

Ulikuja nao asubuhi moja pamoja na mkungu wa ndizi, umeshaupanga kwa solfa kama mnavyofanya walimu wote wa kwaya, kisha ukaunakili kwa nota, mistari imepigwa kwa rula. Nikaujaribu, nikafika katikati nikakunja uso. Haya unayajua, lakini acha niyaseme, maana ndipo nilipokukosea. Kinubi kina pedali, na pedali ikikanyagwa nyuzi hubadilika sauti. Ukikanyaga nyuzi zikiwa bado zinalia, zinakwaruza. Kila aliyenifundisha alinikaripia kwa mkwaruzo huo, mpaka nikazoea kuzizima kwanza kwa kiganja, ndipo mguu ukanyage. Wewe hukuandika pa kuzima. Nikachukua biro nyekundu nikaandika "zima" kila mahali, na pembeni nikaongeza: "Mwalimu, hiki si piano." Nilijiona mpole sana kwa kukusahihisha bila kukucheka.

Hukubisha. Ulisema, "Sawa, Madam. Samahani, mimi ni mtu wa kwaya tu." Ukarudi Kanja, ukaandika ukurasa wote upya, ukanitumia ukiwa safi. Halafu kifua kikakulaza na hukuinuka tena.

Sasa leo. Kathure hakuja na maua tu, alikuja na kipande chake cha kinubi ili kiingie kitabuni. Nikakipiga mara ya kwanza, nikafika mahali kama pale pako, nikazima. Akaruka.

"Madam, hapo usizime! Wacha ilie."

Nikamwambia hilo ni kosa.

"Si kosa, Madam, ni njuga, zile za miguu ya wachezaji. Mwalimu Njeru alituambia mtu wa kinubi pia anacheza ngoma, vile tu anaicheza akiwa amekaa. Sasa akikanyaga na hakuna kitu inalia, huo mguu ni wa nini?" Kisha akaniangalia. "Kwani kwa wimbo yake aliandika aje?"

Nikasema sikumbuki. Nilimdanganya, Mwalimu, na maua yake yakiwa mkononi mwangu.

Nakumbuka vizuri. Nakumbuka hata siku ya kwanza ulipokuja kukiona kinubi, mguu wangu ukateleza na nyuzi zikakwaruza, nami nikaona aibu. Wengine wote hutazama mikono. Wewe ulizunguka ukainama kuangalia miguu yangu, ukasema, "Hapo umefanya nini? Si urudie nisikie." Nikarudia. Ukaomba tena, unacheka peke yako. Nikakwambia, "Hiyo ni makosa, Mwalimu," ukajibu, "Hata kama." Nilikuwa na darasa, nikafunika kinubi.

Tunasema kuuliza si ujinga. Mtunzi wa Lodwar nilimpigia simu zaidi ya mara moja kwa ajili ya nota moja tu, kwa sababu amesomea Ulaya, na nisingethubutu kugusa kitu chake bila ruhusa. Wewe sikukuuliza lolote. Nilikuona mtu wa kwaya hata kabla hujajiita hivyo.

Na nimekukasirikia pia. Mbona hukunigombeza? Mabesi wa kwaya yako ya Kanja ulikuwa ukiwafokea mpaka kuku wa padri wanakimbia, lakini kwangu mimi, niliye rika la binti yako, ulikunja karatasi ukaomba msamaha. Naumia nikifikiri ulikufa ukiamini hukujua kuandika.

Jioni nimempigia Kathure nikamwambia ukweli. Akasema, "Sawa, Madam," kwa sauti ile ile yako, na ningeona afadhali anitukane. Nimempigia na mhariri wa kitabu. Ukurasa wako wa awali bado ninao, na ndio utakaochapishwa, biro yangu ikiwa imeondolewa. Rekodi nayo tutairudia. Mhariri ameuliza kama nina hakika, maana wapiga vinubi wengine watasema nimekosea. Nimemjibu waseme.

Amebaki Mama Muthoni. Huyo sitampigia simu. Jumapili kinubi kinapanda pikapu kuja kanisani kwenu, na kabla sijapiga nitamweleza, mbele ya watu walewale waliokuzika, kwamba pale anapokusikia wewe shambani, pengine ananisikia mimi. Kifo kilimnyang'anya mume, nami nitakuwa nimemnyang'anya mara ya pili. Akikataa kunipa mkono sitamlaumu.

Nimejaribu ule ukurasa usiku huu. Mguu unakubali. Kiganja ndicho kinachokataa: nyuzi zikilia tu kinazikimbilia kabla sijafikiri, na nimejaribu mpaka nimelia. Sitaki kukuahidi makubwa, Mwalimu. Nakuahidi kwamba hakuna mtunzi nitakayemsahihisha tena kabla sijamuuliza alichotaka, awe wa Ulaya au wa kwaya.

Kwaheri, rafiki yangu. Lala ukijua uliandika sawasawa. Na Jumapili nyuzi zako zitalia hadi zinyamaze zenyewe, hata ikibidi nikikalie hiki kiganja.

Kendi