Foliki Niliyokununulia Garsen

Mdogo wangu mpendwa Saumu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ulimi hunigomea. Wewe uko huko Bangale na mimba mpya, mimi niko Idsowe na neno nililolificha tangu tulipomzika mwanao.

Unakumbuka siku ile ya kliniki? Mto ulikuwa ndio kwanza umerudi nyuma baada ya mafuriko na mbu wametuchosha. Muuguzi alikupa vile vidonge vya kukinga malaria, ukavimeza mbele yake, ukakunja uso mpaka akacheka. Tulipotoka mimi, mjuaji wenu, nikakufunua kope juani. "Huna damu wewe. Hivi vidonge vya damu walivyokupa ni vya kitoto." Nikakununulia foliki kali, vidonge vya kuongeza damu, duka la dawa pale Garsen. Kila asubuhi nilikusimamia na kikombe cha uji. "Dada, umekuwa askari sasa," ulinitania. Ukameza, kwa sababu ni mimi niliyekupa.

Malaria ikakupata hata hivyo. Mtoto akaja kabla ya wakati, mdogo mno, na hakukaa.

Juzi nilimsindikiza wifi yetu kliniki. Muuguzi akamkataza foliki kali. Dawa ya kukinga malaria huvinyima vimelea foliki, alisema, na ukimeza foliki nyingi unavilisha upya. Ile kidogo iliyomo kwenye vidonge vya damu vya kliniki haina neno. Ni kama tunavyoamia mpunga, tukifukuza ndege, kumbe mmoja wetu anawamwagia chenga. Aliyemwaga ni mimi, Saumu. Niliuliza kama ndiyo iliyomuua mtoto wetu, akasema hakuna awezaye kujua. Jibu hilo halijanisaidia.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba unailaumu dawa. "Vidonge vyao vya malaria simezi tena, vilinidanganya," uliniambia, nami nikakuuliza habari za mbuzi. Ni aibu tu. Wazee husema mficha uchi hazai, lakini hapa uchi ni wangu na wa kuzaa ni wewe.

Nenda kliniki ya huko, mdogo wangu. Wakikupa vidonge vya malaria, meza. Foliki chukua yao, ya dukani usiiguse. Nikasirikie utakavyo. Ukija nyumbani kujifungua, hata usinisemeshe, uji atakupikia mama. Lakini uje, na uje na mtoto tumboni.

Ni mimi dada yako,
niliyekushikia kikombe.