Njugu za Shangazi Yako

Mmbone mjukuu wangu, nimekukosea. Huku tuko salama, kukhu, nyanya yako, anapalilia mahindi, lakini mimi naogopa.

Umeniuliza kama mtu akiumwa na kichwa anaweza kuona ukuta ukiinama. Anaweza. Nikiwa kijana, pale uwanja wa kupiganisha fahali Malinya, kichwa kiliniuma, ardhi ikainuka, fahali wakawa wadogo kama kuku. Niliogopa kuitwa mwendawazimu, nikanyamaza. Nilipoona inanirudianga kila nikila njugu, nikaziacha kimyakimya. Ikapungua.

Halafu Desemba ukakataa njugu za shangazi yako, nikakuambia, "Kwani tumekuwekea sumu? Kula." Ukala. Ulipoanguka mlangoni, nilijua ni ile yangu ya uwanjani.

Jumapili hii shangazi yako akileta bakuli, nitakataa mbele ya wote, niwaambie ugonjwa huu uliurithi kwangu.

Babu yako