Msumari wa Birika

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Watoto wameingia hapa kituo cha malezi wamelowa chapachapa, wananuka moshi na matope. Taulo, kelele, kamasi. Halafu kila mmoja kwenye msumari wake, kuvaa sare.

Sheria ni yangu na siibadilishi: sare inalala hapa, mtoto analala kwao. Huko kwao mabati yanavuja, panya wanatafuna, na kamba ya kuanikia haina mwenyewe. Ukigeuka tu, nguo imeota miguu. Hapa zinafuliwa, zinapigwa pasi, mlango unafungwa. Wengi hawajajua kusoma, kwa hiyo juu ya kila msumari nimechora picha. Samaki. Mwavuli. Ufunguo. Kuku — anafanana na kiatu, na mpishi wetu hanipi raha kwa hilo.

Birika kabaki wa mwisho, kama kawaida. Ana jina zuri alilopewa na mama yake, lakini amevua na kuvaa chini ya picha ya birika muda mrefu hadi jina limemganda. Mama yake anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni, ng'ambo ya barabara kuu. Anatoka gizani, anarudi gizani. Kwa hiyo jioni tunabaki wawili. Mimi nashona vifungo, yeye ananisomea maandishi ya kwenye makopo ya stoo. "Hifadhi mahali pakavu!" Anasoma kama mtangazaji wa redio, mwenye meno mawili pungufu.

Sasa naye kaondoka na mama yake. Kitanda changu kiko chumba hiki hiki, pamoja na magauni madogo na mashati madogo ukutani. Wageni wakija husema, ehe, una familia kubwa wewe! Nacheka nao. Wakishaondoka sicheki.

Jumatano, 5 Novemba

Habari njema! Mwalimu mkuu wa shule ya msingi amekubali kumwona Birika. Usaili ni Alhamisi ya wiki ijayo, asubuhi. Ana nafasi moja tu kwa mtoto wa kituo chetu, na asipotokea siku hiyo inakwenda kwa mwingine. Amelirudia hilo kwenye simu kana kwamba mimi ni kiziwi.

Akiipata, ana dawati, vitabu na chakula cha mchana mpaka darasa la mwisho. Asipoipata — kwetu umri wake unaisha mwishoni mwa mwaka. Na mtaani kazi ya wa umri wake naijua. Ni gunia na chupa za plastiki, kutwa kucha jalalani.

Mpishi kapiga vigelegele mpaka uji ukaungua. Tumekula uji wa kuungua kwa furaha. Nami nimefurahi. Nimefurahi kweli! Halafu jioni, Birika alipokuwa ananisomea kopo la maziwa, nikajikuta nawaza: akienda huko, mimi nitasomewa na nani? Aibu, mtu mzima na mvi zangu. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka.

Sijamwambia bado. Nitamwambia yeye na mama yake pamoja, Jumatatu, nikishamaliza ubinafsi huu.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo Birika kanishika sketi haniachii. Anataka kwenda na sare nyumbani. Nikamwambia, sheria unaijua. Akasema anaijua, lakini mama hajamwona nayo hata siku moja. Siku za kazi mama anamleta haijavaliwa, anamchukua imeshavuliwa. Siku ambayo mama yupo, sare iko kwangu.

"Bibi, mama anadhani ni ya kijani."

Ni ya bluu! Mwanamke anaamka gizani kila siku ili mtoto wake akae kituoni, na rangi ya sare hajui.

Nimekataa. Nimekataa tena, safari hii kwa sauti ndogo zaidi. Kisha nikamkunjia gauni ndani ya mfuko wa plastiki, nikamwambia Jumatatu asubuhi liwe hapa, kavu, bila hata alama ya kidole. Mama yake alipoita nje, kaondoka mbio kabla sijabadili mawazo. Mpishi alikuwa mlangoni kaona yote. Kaniuliza kama nina homa.

Mwanangu alisema atapiga simu leo. Simu ina chaji, mtandao upo. Iko hapa mezani, imetulia tuli.

Jumatatu, 10 Novemba

Birika hajaja.

Nimesimama mlangoni mpaka wengine wamemaliza kula. Msumari mtupu, picha ya birika juu yake. Mtoto huyu hajawahi kukosa, hata siku alipokuwa na tetekuwanga ilibidi nimrudishe mwenyewe.

Mpishi kasema, dada, gauni lile limeshauzwa, sahau. Nimemfokea. Sufuria zikasikia, watoto wakasikia. Halafu nikakaa stoo, nami nikawaza vilevile, tena kwa maneno mabaya kuliko yake.

Mwanangu alipiga jana. Alikuwa anakula, nilisikia kijiko. Mama hujambo, sijambo, afya je, nzuri. Nikaanza, "Kuna mtoto mmoja hapa —" akasema kuna simu nyingine inaingia, atanipigia Alhamisi asubuhi, siku yake ya mapumziko. Nimebaki na simu sikioni muda. Haikuwa na mtu.

Jumanne, 11 Novemba

Hajaja tena. Usaili ni keshokutwa na mtoto hajui kama upo!

Nimekwenda kwao. Chumba kimoja nyuma ya muuza mkaa, mlango umefungwa kufuli. Muuza mkaa kaniangalia juu mpaka chini. Kasema wapo, hawajahama. Wanatoka pamoja mapema, mama anamchukua mtoto kazini. Na tangu Jumapili yule mama akimwona mtu anayefanana na wa kituoni anajibanza nyuma ya magunia.

"Mmemfanya nini?" kaniuliza.

Tumemfanya nini! Sisi! Nimerudi na matope mpaka magotini, nagombana na hewa njia nzima. Maneno ya kumwambia mwanamke huyo nimeyapanga vizuri sana. Kesho nitayamwaga.

Baada ya chakula cha jioni nimejaribu kujisomea kopo kwa sauti. Upuuzi. Nimeacha katikati.

Jumatano, 12 Novemba

Nimemwachia mpishi watoto, nikavuka barabara kuu. Nyumba ya wageni ina mlango wa mbele wa kioo. Kijana wa mapokezi kanielekeza kwa kidevu: huko nyuma, wafuaji.

Uani mashuka matupu. Meupe, mistari kwa mistari, yanaumiza macho. Nikapita katikati yake nikipigwa usoni na nguo mbichi. Na chini ya shuka moja, miguu miwili. Naijua miguu hiyo. Nimeitoa miiba mimi.

"Birika."

Miguu ikatulia.

"Birika, nakuona."

"Hunioni, Bibi. Unaona miguu tu."

Kabla sijajibu, mama yake akatokea na beseni. Msichana tu! Huwa namwona gizani, amejifunga khanga, nilidhani mtu mzima kumbe angeweza kuwa mwanangu wa mwisho. Beseni likamponyoka mkononi, maji yakatufika sote.

Nikafungua mdomo kumwaga maneno yangu. Kaniwahi.

"Shikamoo, Bibi. Kosa ni langu. Msimfukuze mtoto, nawaomba. Nifukuzeni mimi."

Nikamwuliza nimfukuze kutoka wapi, yeye si mwanafunzi wangu. Hakucheka. Akaingiza mkono chini ya rundo la mashuka yaliyokunjwa, akatoa mfuko wa plastiki. Mfuko wangu. Ndani yake gauni.

Mungu wangu. Bluu imebaki mgongoni na mfukoni. Kifua chote, mabega, upindo wa mbele — mabaka meupe, kama mtu kamwaga maziwa.

Akanieleza huku akitazama vidole vyangu vya miguu. Ijumaa Birika alilivaa akazunguka mbele ya taa. Akazunguka, akazunguka, mpaka mama akalia. Halikuwa chafu hata kidogo. Lakini akataka kulifua.

"Nafua za watu wote, Bibi. Watu nisiowajua hata sura. Ya mwanangu ya shule sijawahi kuifua."

Akataka ing'ae. Akatia ile dawa wanayotilia mashuka yawe meupe, kidogo tu, kama anavyofanya kila siku ya Mungu. Hapa hafui kingine ila nyeupe. Mwaka wa ngapi huu mikononi mwake hampiti kitu cha rangi! Alipokumbuka kwamba bluu si nyeupe, dawa ilikuwa imeshafanya kazi yake. Jumatatu alishindwa kumleta. Aliona heri mtoto akae chini ya mashuka kuliko afukuzwe mbele ya wenzake.

Maneno niliyoyapanga yameyeyuka yote. Nikakalia ndoo. Kila Jumamosi sare zote nazifua mimi, nazipiga pasi mimi, najisifu mimi. Haikunijia hata mara moja kwamba kuna mtu upande wa pili wa barabara anaitamani kazi hiyo. Nimeona uchungu, na wivu nao ukaja kidogo, siuelewi wivu huo.

Nikamwambia kuhusu usaili. Akaniuliza wa lini. Kesho, nikasema. Akakaa chini, juu ya maji yale yale yaliyomwagika.

Ruhusa ya asubuhi hapewi mpaka afue zamu ya usiku. Atafua, kasema. Na Birika akatoa kichwa kwenye shuka akauliza: "Usaili ni kitu gani? Kinauma?"

Alhamisi, 13 Novemba

Naandika kwenye benchi, ukumbini kwa mwalimu mkuu. Daftari juu ya goti. Nisipoandika nitasimama nigonge mlango ule.

Walifika kituoni mapema wote wawili. Mama ametoka kazini moja kwa moja, macho mekundu. Nilikuwa nimeandaa gauni la mtoto wa mwavuli, wanalingana mwili. Limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Birika akalitazama.

"Hili si langu."

Nikamwambia ni la kuazima tu, asubuhi moja.

"Langu kalifua mama."

Mpishi akaingilia. Mtoto atachekwa! Ataonekana kama ramani ya dunia! Mwalimu mkuu atatuona watu gani? Na mpishi alikuwa na haki, nami nilikuwa nafikiri hivyo hivyo. Nafasi ni moja. Nikamgeukia mama yake aseme neno. Alikuwa anatazama sakafu, mikono kaificha kwenye khanga. Mikono hiyo nimeiona jana. Imechanika kama udongo wa kiangazi.

Nikachukua lile la mabaka. Nikalipiga pasi polepole, bluu na nyeupe, bila ubaguzi. Mpishi kaenda kuleta mafuta, akampaka Birika miguuni mpaka ikang'aa.

Njiani Birika kanivuta mkono. Kauliza akichukuliwa na shule hii, msumari wake vipi. Nikasema utakuwepo. Akafikiri. Akasema, "Mpe yule mtoto mgeni anayelia asubuhi. Mwambie birika halichomi." Nikamwambia angalia mbele utajikwaa.

Mwalimu mkuu kafungua mlango mwenyewe. Kaliangalia gauni. Kaniangalia mimi juu ya miwani. "Hii ndiyo sare yenu?"

Nikasema ndiyo.

Birika kaingia peke yake, hakugeuka. Mlango ukafungwa.

Tumekaa hapa. Ukumbi unanuka chaki na dawa ya sakafu. Mama yake aliuliza kama ametuharibia. Nilisema sijui, mwanangu, kwa kuwa sijui. Neno mwanangu lilinitoka lenyewe. Nilipomtazama, kumbe kalala. Kichwa kikaenda mbele, kikarudi, kisha kikaniangukia begani. Kizito! Ananuka sabuni na dawa ile ya mashuka.

Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniegemea. Watoto hunirukia, hunivuta, hunipangusia kamasi. Kuegemewa ni kitu kingine. Tangu kumzika mume wangu, nadhani. Bega limeanza kufa ganzi na sitaki lipone.

Simu inatetemeka mkobani. Ni mwanangu, Alhamisi asubuhi, safari hii kakumbuka. Mkoba uko upande wa huyu aliyelala, chini ya kiwiko chake. Nikiuvuta ataamka.

Imeacha. Imeanza tena.

Imeacha.

Ndani wamempa kitu asome, namsikia. Sauti ile ile ya redio. Mahali fulani kakwama — kimya — kaendelea. Sasa mwalimu mkuu anauliza jambo, sauti ya chini. Silisikii swali. Jibu la Birika nalisikia vizuri, nadhani na walioko barabarani wamelisikia: "Kalifua mama yangu!"



Kiti kinasogezwa. Viatu vinakuja mlangoni, vya mtu mzima. Inanipasa nimwamshe, ajifunge khanga vizuri, afute uso, asimame. Kitasa kinazunguka, nami bado sijatikisa bega.