Vichwa Tulivyompa Mbwa

Mpendwa mama mkubwa,

Wewe ndiye uliyemwona wa kwanza. Tulikuwa uani kwetu Butiama, unamenya mihogo, ukasema, "Mbona huyu mbuzi anazungukaga kushoto tu?"

Baba akashusha kikombe cha uji. "Shemeji, umejuaje?"

Ulikuwa mjane wa kaka yake, huna mtoto, na ulikuwa umeona kabla ya mwenye mifugo. Kwake hilo lilitosha kukuita mchawi.

Mbuzi yule alizunguka siku nne, kichwa kimelala upande, baba akamchinja. Nyama tulikula. Kichwa hakuna aliyekitaka, tulisema kimerogwa. Nilikitupa mimi, na Chui, mbwa wetu, akakimaliza. Wa pili vilevile.

Wa tatu alipoanza, baba alikuja mlangoni kwako na wazee wawili. Ulicheka. "Shemeji, ningekuwa na dawa si ningeanza na hili goti langu?" Hakuna aliyecheka nawe. Ukaenda Kabasa, Bunda, kwa mdogo wako. Godoro lako nililifunga mimi kwenye bodaboda.

Mbuzi hawakuacha kuzunguka. Baba akasema unawatuma kutoka hukohuko Bunda. Ulipofariki mwaka jana, hakuja kuzika. Wakazunguka tena, naye akasema uchawi wako umebaki.

Mwezi uliopita nilitoka Musoma na daktari wa mifugo. Alipasua fuvu la mbuzi mwingine aliyekuwa akizunguka, mbele yetu, akatoa kifuko cha maji, kikubwa kama yai la kuku, kina vitone vyeupe ndani. Kila kitone ni kichwa cha mnyoo, alisema. Kifuko kinakandamiza ubongo, mbuzi anazunguka. Mbwa akila ubongo huo, minyoo inakomaa tumboni mwake. Mayai yanatoka na kinyesi hadi kwenye majani, na mbuzi wanayala. Mbuzi wetu wangeacha kuugua kama tungevichoma vile vichwa. Tulivitupa kwa kukuogopa wewe.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akamtazama Chui, mzee sasa, amelala kivulini.

"Sawa. Na huyu mbwa, nani alimletaga hapa?"

Ulimleta wewe, mama mkubwa, akiwa mdogo, ndani ya kikapu. Baba anajua. Mimi pia ninajua. Daktari alikuwa ananawa mikono.

Kichwa kile nilikichoma mwenyewe. Jina lako sikuweza kulisafisha.

Lala hukohuko Kabasa. Hapa bado si kwenu.

Mwanao, niliyefunga godoro