Wachezaji Saba Ukutani

Baraka, 4 Machi 2002

Kaka Mahmudu,

Assalam aleikum. Mimi na mama tulifika salama kutoka Bujumbura, ila magoti yanamsumbua. Wewe na shemeji hapo kambi ya wakimbizi Lugufu mnaendeleaje?

Leo nimeingia uwanja wetu wa mpira. Nyasi zinanipita kichwa, mpera umeota golini, mijusi wanaota jua jukwaani. Lakini ukuta wa jukwaa umejaa michoro ya makaa na vipande vya tofali: wachezaji wetu saba, wakubwa kama watu. Wewe uko katikati na namba tisa yako, umependeza kuliko ulivyo. Mimi simo! Nani aliwafunga Fizi-Centre goli la ushindi, siku ile moja ulipougua malaria nikatolewa benchi? Wivu umenikaba, kaka, sikufichi.

Mdogo wako,
Kassimu

Lugufu, 29 Machi 2002

Mdogo wangu,

Waaleikum salam. Huku wazima, mpe mama pole. Nimecheka mpaka shemeji yako akaja kuniangalia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: goli moja, na miaka yote hii bado unalitembeza! Lakini mwenye haki ya wivu ni mimi. Wewe unakanyaga nyasi zile, mimi vumbi la kambi. Niambie, kando yangu wamemchora nani?

Kaka yako,
Mahmudu

Baraka, 20 Aprili 2002

Kaka,

Salamu. Mama anatembea sasa. Kando yako wako kipa Roger na Raphaël, kisha wale wanne wa nyuma. Wewe usijitafute tena. Barua yako niliisomea palepale uwanjani, nikachuma majani mabichi nikakufuta uso. Zimebaki njumu na namba. Sasa tuko sawa, wote hatumo.

Kassimu

Lugufu, 11 Mei 2002

Kassimu mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Sina hasira. Ila wewe ulikuwa Bujumbura, hukujua. Mimi, Roger, Raphaël na wale wanne tulikimbia vita pamoja kwa njia ya Lulimba. Tulipotezana porini, na ni mimi peke yangu niliyetoka. Mtafute aliyechora, umwombe radhi.

Kaka yako,
Mahmudu

Baraka, 2 Juni 2002

Kaka yangu mpenzi,

Amani iwe kwenu. Mama anakusalimu kwa machozi.

Aliyechora ni Georgette, dada yake Roger. Nilimkuta ukutani na kipande cha kaa, anahangaika kuurudisha uso wako. Akaniuliza, "Ni nani alimufuta huyu? Hana hata kaburi. Kaburi yake iko hapa."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamjibu, "Ni miye, dada. Unisamehe. Lakini Mahmudu iko muzima! Iko Lugufu na bibi yake, anaringa tu."

Akakaa chini nyasini akalia, kisha akacheka, kisha akanipiga kofi moja la haki. Halafu yeye mwenyewe akafuta njumu zako na namba.

Pakabaki nafasi katikati ya wale sita. Akanitazama, kaa bado liko mkononi, akanitania, "We je, nikuchore?"

Nikamwambia, "Hapana, dada. Miye uniache kwenye benchi."

Mdogo wako,
Kassimu