Aliyejibu Nyuma ya Pazia

Kisauni, Jumatatu, 1996

Joto la leo halina adabu, lakini mikono yangu i baridi tangu asubuhi. Nimekunywa chai ya tangawizi, haikunifaa kitu.

Nimeona jambo kazini na sijui nilitie wapi.

Kazi yangu ni kuunganisha kanda za harusi. Harusi zetu hupigwa kwa kamera mbili: Salim na wanaume, Rukia ndani na wanawake waliojipamba, vichwa wazi. Kanda za Rukia haziangaliwi na mwanamume yeyote, hata Bwana Faraj mwenye duka. Ndiyo sababu aliniajiri mimi, mwanamke, na nikizicheza hasogei hata mlangoni. Ni amana hiyo, na wallahi sijawahi kuichezea.

Taabu ya kamera mbili ni kwamba kila moja ina saa yake. Huyu ameanza kupiga mapema, yule amepumzika katikati. Basi natafuta sauti moja iliyoingia pande zote mbili, adhana labda, au vigelegele, halafu naweka televisheni mbili bega kwa bega na kanda zaenda pamoja. Kwenye nikaha huwa sijisumbui hivyo. Naweka picha ya wanaume, bibi harusi akishaitikia naruka kwa Rukia, basi. Lakini hii ya Ijumaa, kule Bofu, jenereta ilinguruma karibu na Salim mpaka ikanibidi niazime sauti ya ndani.

Baba wa bibi harusi alikohoa kabla ya kuuliza. Kikohozi kile kimo katika kanda zote mbili, nami nikazioanisha hapo.

Katika kanda ya Salim, mzee amesimama nje ya pazia la chumba pamoja na mashahidi wake. Amuuliza bintiye, Zuhura, kama aridhia kuozwa. Sauti ya kike yajibu kutoka ndani, "Naridhia, baba." Mzee afuta machozi.

Katika ya Rukia, wakati ule ule, Zuhura ameketi kitandani, leso imemfunika mpaka kwenye nyusi. Swali laingia. Atikisa kichwa. Kisha asema, si kwa nguvu lakini wazi kabisa, "Hapana." Nje, neno hilo limemezwa na jenereta.

Shangazi yake ainama upande wa pazia, aifanya sauti nyembamba, ajibu yeye.

Vigelegele.

Niliirudisha kanda mara nyingi mpaka nikachelea isije ikaliwa na mashine. Nilidhani macho yangu yananihadaa. Nikamwita Rukia, nikamwonyesha. Kwanza alicheka, akaniambia ni haya za mabibi harusi, na shangazi kumsemea mwari si jambo geni. Najua si geni. Lakini mwenye haya hunyamaza, nikamwambia, na huyu amesema. Rukia akaacha kucheka.

"Tulimsikia," akasema. "Sote."

Hapo nikaketi sakafuni. Chumba kizima. Wanawake watu wazima, wenye mabinti, wamemsikia mtoto akikataa na wakampigia vigelegele juu ya neno lake. Na Zuhura bado yuko kwao. Atapelekwa kwa mume Alhamisi.

Nilisema moyoni, mimi ni nani? Nikifungua mdomo nitaonekana mchonganishi, na Bofu hatupati tena harusi hata moja. Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza, nakiri. Kukata kipande kile ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Alasiri akaja babake Zuhura mwenyewe.

Bwana Faraj alikuwa ametoka. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaitika marahaba kwa upole, akaketi, akauliza kanda imefika wapi. Akasema ana ombi dogo.

"Mwanangu, pale binti yangu aliponijibu, usikate. Nyumba itanyamaza akiondoka. Nataka niwe naisikia sauti yake."

Ewe Mola wangu. Angeomba jambo jingine lolote ningemudu.

Kumwonyesha kanda ya Rukia siwezi, mna wake za watu mle. Nikachukua leso yangu, nikaifunika televisheni gubigubi, pasionekane hata ukucha. Nikamwambia asikilize tu. Alinitazama kama aliyenishuku akili. Nikaicheza.

Kikohozi chake. Swali lake. Hapana. Halafu ile naridhia.

Mzee akanionyesha kwa kidole nirudishe, nikarudisha. Alivua kofia akaishika magotini, na uso wake sitaki kuueleza.

"Wa pili ni dada yangu," akasema. Kisha, "Wa kwanza ni mwanangu."

Niliitika abee. Nilikuwa nalia mimi, yeye halii.

Sasa nimekaa nyumbani. Sijui kama nimemwokoa mtu au nimevunja nyumba kabla haijajengwa. Shangazi mtu atakuja dukani, hilo silitilii shaka, na Bwana Faraj atataka kujua nilichofanya. Nitamweleza kama kilivyokuwa.

Mzee alipoinuka nilimuuliza kanda niimalize vipi. Akaniambia niisimamishe kwanza. Anakwenda kumuuliza Zuhura upya, na safari hii ataingia ndani.